Taa ya kufunga kwenye pangaboi

SWALI: Chumba changu cha kulala ni mita 3 kwa 3, dari iko mita 2.6. Nifunge taa gani chini ya pangaboi?

JIBU: Kwanza zima umeme kwenye meni swichi, kisha fungua kifuniko cha chini cha pangaboi. Ukikuta tundu katikati na waya wa taa, pangaboi hilo linapokea taa. Kama tundu limezibwa, usitoboe; weka taa ya ukutani.

Kwa dari hiyo chagua taa bapa ya LED, isiyoshuka zaidi ya sentimita 10. Taa ya bakuli la kioo itakuwa usawa wa mikono yako unapotandika chandarua. Wati 9 hadi 12, mwanga wa manjano wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 au 3000, vinatosha. Sebule kubwa ndiyo inayohitaji taa ya balbu tatu au nne, kelvini 4000.

Kosa tunalokutana nalo sana ni taa kuunganishwa kwenye waya unaotoka kwenye regulata, yaani swichi ya kurekebisha mwendo wa feni. Ukipunguza mwendo wa feni, LED inapepesa na kufa mapema. Mwambie fundi avute waya wa moto wa pili, wenye swichi yake. Azime umeme kwenye meni swichi kwanza, tafadhali.