Ukiwapeleka watoto Haller Park, anza na jongoo

Wazazi wengi wakifika Haller Park, ile bustani ya wanyama pale Bamburi, Mombasa, huenda moja kwa moja kwa twiga. Wanalisha, wanapiga picha, wanamtupia mamba jicho, na adhuhuri haijafika tayari wako barabarani wanangoja matatu ya kurudi mjini. Mimi nawasihi muanze na ardhi yenyewe. Kabla hamjaingia, waambieni watoto kwamba hapa palikuwa machimbo.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na mawe ya chokaa kikiyachimba papo hapo, kwenye matumbawe ya kale. Kilichobaki ni shimo kubwa jeupe lisilo na udongo. Mama yangu alikulia Kisauni na anapakumbuka pakiwa hivyo, ndiyo maana tukienda hatumwachi nyumbani. Nikisema mimi kwamba palikuwa jangwa, wanangu huitikia tu. Akisema bibi yao kwamba hapakuwa na kivuli cha kumtosha mbuzi, husimama wakaitazama ile mivinje mpaka kileleni. Kama kwenu yuko mzee aliyeishi upande huo, mchukueni. Atawafundisha zaidi ya vibao vyote.

Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu miti juu ya mawe hayo. Alipanda aina 26, zikastahimili tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Hata hivyo majani yake membamba yalidondoka yakalundikana, hayaozi. Ndipo wakaletwa majongoo. Jongoo akala majani, kinyesi chake kikageuka mbolea, na udongo ukaanza kujijenga pale ambapo haukuwepo kabisa. Mtoto wa miaka mitano anayaelewa hayo bila shida. Mwanangu wa mwisho huchuchumaa njiani akitafuta majongoo, nami simharakishi, hata wenzetu wakitutangulia mbali. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha safari: mtoto ajue kwamba ardhi iliyoharibiwa hutengenezeka, na kwamba kazi hiyo huchukua miaka na huwahitaji hata wadudu.

Baada ya hapo wanyama huwa na maana nyingine. Utawaona pofu, viboko, mamba na kobe wakubwa, na mtoto mwenyewe atakuuliza wanakula nini na walifikaje. Kwa twiga kuna jukwaa la kuwalishia kwa mkono. Ulimi wake ni mrefu na mweusi, watoto wengi hushtuka. Usimlazimishe mtoto, mweke nyuma yako, alishe kaka au dada yake kwanza, atasogea mwenyewe.

Wasimulieni pia habari ya Owen. Tsunami ya Desemba 2004 ilipofika pwani yetu, mtoto huyo wa kiboko alikwama karibu na Malindi, hana mama. Aliletwa hapa, akamganda kobe mkongwe aitwaye Mzee, wakala na kulala pamoja. Lakini semeni na mwisho wake: Owen alipokua alitengwa na kobe, akahamishiwa kwa kiboko jike, Cleopatra. Wanangu walihuzunika waliposikia. Niliwaeleza kwamba kiboko mkubwa angeweza kumuumiza kobe bila kukusudia, na kwamba kiboko anahitaji kuishi na viboko wenzake. Msiwafiche watoto sehemu hiyo.

Mengine ni ya kujipanga. Bebeni vitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni. Mkifika langoni ulizeni saa za kulisha wanyama, halafu mpange mzunguko wenu kwa saa hizo. Nendeni asubuhi mapema. Joto la Mombasa mnalijua. Maji yawe mengi, viatu viwe vya kufunika vidole. Chakula kiwe ndani ya kikapu chenye kifuniko, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na tumbili wa pale hawana haya. Msiwape hata ganda la ndizi. Tumbili aliyezoea kulishwa huacha kuogopa watu, akaanza kupora na kuuma, na atakayeumia ni mtoto wa mwingine.

Watoto wakubwa wakiwa bado na nguvu, wapelekeni Bamburi Forest Trails, iliyopandwa kwenye machimbo vilevile, watembee au waendeshe baiskeli. Wadogo warudisheni nyumbani wakalale.