Leza haionekani kwenye kompyuta, au inakatika katikati ya kazi: anzia kwenye waya

Mleta mada, umesema mashine yako ya kuchonga kwa leza inawaka taa na feni inazunguka, lakini LightBurn, programu ya kuiendesha, inasema haijaunganishwa. Umeifuta programu na kuiweka upya, wapi. Na siku ikikubali, inakatika kazi ikiwa nusu. Hayo ni matatizo mawili tofauti, tuyachukue moja moja.

Programu iache kwanza. LightBurn, au mwenzake LaserGRBL, haiigusi mashine moja kwa moja. Inafungua poti ambayo Windows imeiweka baada ya kutambua chipu ndogo iliyo kwenye bodi ya mashine, na kwenye mashine nyingi za dayodi chipu hiyo ni CH340. Windows yenyewe isipoiona hiyo chipu, hakuna poti ya kufunguliwa, hata uifute programu mara mia. Kwa hiyo fungua Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, kisha chomoa waya wa USB na uuchomeke tena huku macho yako yakiwa kwenye orodha.

Orodha isipotikisika kabisa, shuku waya. Nyaya nyingi za USB ni za kuchaji tu: nyuzi za umeme zimo, za data hazimo. Bodi inawaka vizuri, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea, maana taa zinawaambia kila kitu kiko sawa. Tafuta waya ambao una hakika unapitisha data. Kama tundu la mashine yako ni lile la mraba, waya wa printa unafaa. Uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kupitia habu.

Ikitokea alama ya pembetatu ya njano, waya ni mzima na kinachokosekana ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia chipu. Weka draiva ya CH340, zima na uwashe kompyuta. Ukiona jina la CH340 likifuatwa na COM3 au COM ya namba nyingine, ambayo ndiyo poti yenyewe, upande wa Windows umemalizika na sasa ndiyo zamu ya programu.

Poti moja hushikwa na programu moja tu kwa wakati. Kama LaserGRBL iko wazi kwa nyuma, au programu ya printa ya 3D, au Arduino IDE, LightBurn itagonga mlango uliofungwa. Zifunge zote. Halafu chagua namba ya COM mwenyewe, usiiachie programu ibahatishe, na kasi ya mawasiliano iwe 115200.

Sasa fungua dirisha la Console, mahali pa kutuma amri na kusoma majibu ya bodi. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote: bodi ikiunganishwa hujitambulisha yenyewe kwa mstari unaoanza na Grbl, jina la programu iliyo ndani ya bodi, na namba ya toleo, kwa mfano 1.1. Ukiuona huo mstari, waya, draiva, poti na kasi vyote ni vizima, usiviguse tena. Zikija herufi za ajabu ajabu, kasi uliyoweka si yake. Mstari ukija lakini kila amri inarudishwa na error:9, mawasiliano yapo. Mashine imejifunga tu. Tuma $H kama ina swichi za mwisho wa reli, au $X kuifungua baada ya kuhakikisha kichwa hakijagota popote. Na kama inajibu lakini mota hazisogei, angalia adapta yake, funguo na kitufe cha dharura. USB peke yake inaweza kuiwasha bodi ikajibu, lakini haiwezi kuendesha mota.

Kwa wa Linux: mtumiaji wako awe kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia poti. Ubuntu 22.04 ina kisa chake: brltty, programu ya vifaa vya nukta nundu, huidhania CH340 kuwa ni kifaa chake na kuichukua, hivyo poti, ambayo huku huitwa ttyUSB0, inatokea na kupotea papo hapo. Kama hakuna anayetumia kifaa hicho, iondoe.

Wenye mashine kubwa za CO2 zenye bodi ya Ruida, maelezo ya GRBL hayawahusu. Chagueni Ruida kwenye programu, na mkiweza tumieni waya wa Ethaneti. Kwa uzoefu wangu unatulia kuliko USB.

Tuje kwenye kukatika katikati ya kazi. Hapa draiva kwa kawaida haina kosa. Mshukiwa wangu wa kwanza ni kelele za umeme: pampu ya hewa, kompresa au feni ikiwaka na kuzima, USB inapata mshtuko na Windows inaiachia poti. Tumia waya mfupi wenye kile kidude kizito cheusi karibu na ncha, utenge na nyaya za umeme, na pampu iwe kwenye soketi nyingine. Hakikisha mashine ina athi ya kweli. Upande wa kompyuta, zuia isilale, na zima ile ruhusa ya Windows ya kuzima USB ili kuokoa umeme. Kama bado inakata, badilisha Transfer Mode ya LightBurn, yaani namna inavyotuma data, kutoka Buffered kwenda Synchronous. Kazi ya picha itapungua kasi, lakini utajua kama tatizo ni mtiririko wa data.

Na hili nakusihi ulishike. Data ikikatika kichwa kinasimama. Ukiwa unachonga kwa M4, amri inayoifanya nguvu ya leza ifuate mwendo, na $32, mpangilio wa hali ya leza kwenye bodi, ikiwa ni 1, leza huzimika mwendo unapokoma. Kwa M3, amri ya nguvu isiyobadilika, inaweza kubaki inawaka palepale, na mbao ikashika moto. Usiiache mashine peke yake, hasa hii ambayo tayari umeshaiona inakatika. Usikimbilie pia kuunganisha na kuendelea: kwenye bodi nyingi za namna hii, kufungua poti huianzisha bodi upya, nayo inaamini pale kichwa kilipo ndipo mwanzo. Rudisha kichwa kwenye alama yako kwanza.

Ukishajaribu, leta hapa aina ya bodi, unachokiona Device Manager ukichomeka waya, na mistari ya mwisho ya Console kabla haijakatika.