Nimehama Minnesota kwenda Iowa katikati ya mwaka: mshahara nauandika wapi?

Swali: Habari za kazi, kaka. Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye makao ya wazee. Mwaka jana nilikuwa St. Paul, Minnesota, zamu yangu ya mwisho huko ilikuwa Julai 31. Agosti 1 nikahamia Des Moines, Iowa, kampuni ileile, tawi jingine. Nalipwa dola 1,800 kila wiki mbili kabla ya makato. W-2, yaani fomu ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka, imekuja na mistari miwili ya majimbo: Minnesota 34,200 na Iowa 12,600. Nikihesabu hati zangu za mshahara, kazi ya Minnesota ni malipo 15 tu. Nifuate W-2 au nifuate hesabu yangu? Na malipo ya mwisho ya Minnesota yaliingia Agosti nikiwa nimeshahama. Hayo ni ya nani?

Jibu: Nzuri, dada. Fuata hesabu yako, ila uwe na karatasi za kuitetea.

Malipo 15 ni dola 27,000, ya Minnesota. Yaliyobaki 11 ni 19,800, ya Iowa. Jumla 46,800, sawasawa na kisanduku cha 1 cha W-2, chenye mshahara wa mwaka mzima. Sasa tazama W-2 yako: Minnesota imezidishiwa 7,200, ambayo ni malipo manne kamili. Maana yake ofisi ya mishahara ilichelewa karibu miezi miwili kubadili jimbo lako kwenye kompyuta yao. Naliona kosa hili kila msimu wa kodi, hasa kwa watu waliohamishwa ndani ya kampuni moja, kwa sababu hakuna aliyewajazisha fomu mpya za kuajiriwa.

Kisanduku cha 16 kinaonyesha mwajiri alivyoandika, na cha 17 kinaonyesha alichokata. Jimbo gani lina haki ya kutoza linategemea mambo mawili: ulikuwa mkazi wa wapi, na kazi uliifanyia wapi. Zile dola 7,200 ulizifanyia kazi Iowa, ukiwa mkazi wa Iowa. Minnesota haina chake hapo, hata kama imeshakatiwa.

Kwa hiyo kwanza waandikie ofisi ya mishahara, waombe W-2C, yaani W-2 ya masahihisho. Wakizungusha, omba walau barua yenye nembo ya kampuni inayotaja tarehe ya uhamisho na mshahara wa kila jimbo. Weka pamoja na mkataba wa nyumba wa Des Moines na hati zote za mshahara. Minnesota ikiona umeandika 27,000 wakati W-2 inasema 34,200, itauliza tu.

Ritani ya kodi, yaani fomu ya mwaka, ya serikali kuu haibadiliki: ni moja, 46,800 zote, na anwani yako mpya. Kisha kila jimbo unalijazia kama mkazi wa sehemu ya mwaka. Minnesota ni fomu M1 pamoja na jedwali M1NR. Iowa ni IA 1040 pamoja na IA 126. Usishtuke ukiona zote mbili zinaanza na mapato yako ya mwaka mzima. Wengi hukimbilia kufuta hapo, wakidhani wanatozwa mara mbili. Jimbo hupiga kodi kana kwamba umekaa kwake mwaka mzima, halafu hukutoza sehemu yake tu. Kwa Minnesota ni 27,000 kwa 46,800, karibu asilimia 58.

Makato ya Minnesota yaandike yote yaliyo kwenye kisanduku cha 17, hata yale ya malipo manne ya makosa. Makato ni amana, kilichozidi kinarudi. Usijaribu kuyadai Iowa kama kodi uliyolipa jimbo jingine. Nafuu hiyo ipo kwa kodi ambayo jimbo jingine lilikutoza kwa haki, na hii haikuwa ya haki.

Nafuu hiyo inakufaa, lakini, kwa yale malipo ya Agosti. Kazi ilifanyika Minnesota, kwa hiyo Minnesota inatoza. Hela ulizipokea ukiwa mkazi wa Iowa, kwa hiyo Iowa nayo inazihesabu. Hapo Iowa utaandika 21,600 badala ya 19,800, kisha utajaza IA 130, fomu ya nafuu hiyo, ili ikupunguzie kwa kodi ya Minnesota juu ya zile 1,800. Ndiyo maana majimbo yako mawili yakijumlishwa yatazidi 46,800. Si kosa. Jaza Minnesota kwanza, kwa sababu IA 130 inahitaji namba itakayotoka huko.

Sisi tuliotoka Tanzania jambo hili hutuchanganya: mtu akihamishwa kutoka Mtwara kwenda Mwanza, PAYE, yaani kodi ya mshahara, ni ileile na hakuna anayemuuliza.

Jiandae kwa pengo la muda. Iowa, kuanzia mapato ya 2025, inatoza asilimia 3.8, hivyo kwa zile 7,200 ambazo haikukatiwa, deni halitazidi kiasi cha dola 274, pamoja na nyongeza kidogo kama wilaya yako ya shule inatoza. Wilaya utakayoandika ni ile uliyokuwa ukiishi Desemba 31, uwe na mtoto shuleni au la. Viwango vya Minnesota vinaanzia asilimia 5.35, hivyo huenda itakurudishia zaidi ya unachodaiwa Iowa, lakini usiisubiri. Minnesota inataka ritani kufikia Aprili 15, Iowa Aprili 30, na Iowa haitakungoja mpaka hela za Minnesota ziingie.

Na kabla hujalala leo, angalia hati yako ya mshahara ya mwezi huu. Kama bado ina herufi MN, kifupi cha Minnesota, popote, piga simu kesho asubuhi.