Kuuliza wapangaji wanaishije ni umbea?

SWALI: Shikamoo dada. Nasomea mipango miji mwaka wa pili hapa Dar, kwenye risachi yangu nimechagua nyumba za Kiswahili za Magomeni, nataka nikae na wapangaji waniambie nani anapikia wapi, nani anafua saa ngapi, mgeni anakaribishwa wapi. Msimamizi kaniambia huo ni umbea, nilete nadharia kwanza. Nimekwama kabisa.
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiiache hiyo kazi, maana nadharia yenyewe anayoitaka kwa sehemu kubwa ilitokea hukohuko kwenye kuuliza watu wanaishije.

Mchukue Henri Lefebvre, yule Mfaransa aliyesema nafasi ya mji sio boksi tupu linalosubiri kujazwa, inatengenezwa na jamii yenyewe. Kitabu chake kikubwa cha jambo hilo kilitoka 1974 lakini safari ilianza mapema sana. Kule kusini-magharibi mwa Ufaransa gesi ilipatikana Lacq 1951, basi wafanyakazi wakajengewa mji mpya, Mourenx, maghorofa yamepangwa vizuri tu. Jirani yake kuna mji wa zamani ambao Lefebvre aliujua tangu utotoni, Navarrenx, na huo aliufananisha na gamba la konokono, kiumbe kinaishi ndani na kinalijenga taratibu miaka na miaka. Mourenx hakuliona hilo gamba, na swali la watu wanaifanyaje sehemu iwe yao likamganda.

Afu 1966 watafiti aliokuwa nao kwenye taasisi ya sosholojia ya miji wakatoa utafiti wa zile nyumba ndogo za chini zenye bustani huko Ufaransa, yeye akauandikia dibaji. Wasomi wengi walikuwa wanazidharau nyumba hizo. Watafiti hawa wakawaacha wenye nyumba waongee kwa maneno yao, ndo yakatoka mambo ya uzio, mbele pa kuonyesha watu na nyuma pa kuficha, pasafi na pachafu, yaani mtu anavyoifanya nyumba iwe yake. Ila Lefebvre hakumeza kila alichosikia, aliona pia kwamba ile ndoto ya kijumba chako peke yako ina udanganyifu ndani yake. Na wewe shika hilo, kusikiliza sio kukubali kila kitu.

Sasa rudi Magomeni. Kwenye ramani kibaraza ni mstari tu mbele ya nyumba, lakini asubuhi mama kaweka karai la vitumbua pale, mchana watoto wamelala kwenye ubaridi wa sakafu, jioni wazee wanacheza bao na mpita njia anasimama kusalimia, je hapo ni ndani au ni mtaani? Ukumbini kila mlango una pazia lake, na pazia likishushwa hakuna anayeingia bila hodi. Huko uani wanachangia bomba na choo, wanajua zamu bila kuandika popote. Mi naona hapo kuna nadharia nzima kuhusu mpaka wa changu na chetu, na sidhani Mourenx ingekufundisha hiyo.

Mpelekee msimamizi mchoro wa nyumba moja tu, uweke alama nani anatumia wapi na saa ngapi, afu pembeni andika Lefebvre anakusaidia wapi na wapi hakutoshi. Na ukienda nenda alasiri, asubuhi watu wanawania bafu hawana muda na wewe.