Je, Msuguano Unaweza Kuondolewa Kabisa?

SWALI: Tulifundishwa shuleni kwamba msuguano husababishwa na vijinundu na vishimo vidogo vilivyo juu ya nyuso za vitu, ambavyo hukwamana nyuso hizo zinapopitana. Ikiwa ndivyo, kwa nini mafundi wasisugue vyuma mpaka visibakiwe na kijinundu hata kimoja, ili mashine ziende bila msuguano wowote?

JIBU: Ulichofundishwa ni kweli, ila ni nusu yake. Kupiga msasa uso unaoparuza hupunguza msuguano hadi kufikia kiwango fulani. Ukizidisha ulaini, msuguano huanza kupanda tena. Wapo mafundi wa vipimo wanaotumia vipande vya chuma vilivyosuguliwa vikawa tambarare mno, na kipande kimoja kikitelezeshwa juu ya kingine kwa kukandamizwa kidogo, viwili hivyo hunatana bila gundi wala sumaku, kiasi kwamba ukishika cha juu, cha chini hufuata.

Sababu ni kwamba nyuso mbili za kawaida, hata zikionekana zimelaliana, hugusana kwenye ncha chache tu za vijinundu, na hapo ndipo atomi za upande mmoja huvutana na za upande wa pili. Uzito ukiongezeka, ncha hizo hubonyea na eneo la mgusano hupanuka, ndiyo maana msuguano hukua kadiri mzigo unavyokua, jambo ambalo Guillaume Amontons wa Ufaransa alilieleza mwaka 1699. Ukiviondoa vijinundu, unaziruhusu atomi nyingi zaidi kushikana. Vyuma safi kabisa vikigusana mahali pasipo na hewa huweza hata kuungana bila moto. Hapa duniani hutukinga utando mwembamba wa kutu na uchafu, ambao kwa kawaida tunaulaumu bure.

Kwa hiyo dawa si kulainisha nyuso, bali kuzitenganisha. Kukokota kipande cha chuma cha kilo 10 juu ya chuma kikavu huhitaji nguvu inayokaribia ile ya kuinua kilo 6, lakini ukipaka oili nzuri, inatosha nguvu ya kuinua kilo 1 hivi. Hata hivyo oili nayo ina mnato wake, na tabaka zake zinapopitana hula nguvu. Treni zinazoelea kwa sumaku haziigusi njia yake kabisa, na mwaka 2015 moja ya Japani ilifikia kilomita 603 kwa saa, lakini bado ilipaswa kupambana na hewa iliyo mbele yake.

Miongoni mwa waliokaribia sana ni watafiti wa Uholanzi ambao mwaka 2004 walionyesha kwamba tabaka za grafiti (kaboni laini itumiwayo ndani ya penseli) zikigeuzwa pembe inayozuia atomi zao kuingiliana kama meno ya gia, msuguano hushuka hadi karibu kutopimika. Eneo walilolifanyia kazi, hata hivyo, lilikuwa dogo kupita kiasi. Kwa nyuso za ukubwa wa mashine, jibu langu ni hapana: msuguano hupunguzwa, hauondolewi. Na fundi mwenyewe asingependa uondoke kila mahali, kwa kuwa nati za mashine hiyo hiyo hubaki zimekaza kwa sababu ya msuguano, na bila huo zingejifungua zenyewe.