Usiwape kitabu, wape sura

Nakuru

Mwanangu Atieno,

Umeniuliza vitabu gani vya mambo ya kweli, si riwaya, uwapendekezee wenzako wa chama chenu cha mzunguko wa pesa hapo Kisumu, ambao wengi hawajafungua kitabu tangu kidato cha nne. Jibu langu ni kwamba usiwape kitabu, wape sura. Mtu aliyekaa miaka bila kusoma ukimkabidhi kurasa 300 na kumwambia "ni kizuri sana", ataanzia dibaji, achokee kwenye shukrani za mwandishi, na kitabu kiishie kuzuia mlango.

Anza na Poor Economics cha Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kilichotoka 2011. Hao wawili, pamoja na Michael Kremer, ndio waliopata Nobel ya uchumi mwaka 2019. Jina la kitabu linatisha bure. Fungua sura ya nane, ya kuweka akiba, kurasa kama 20 tu. Humo utakutana na Bumala, kaunti ya Busia, na mwanamke muuza nafaka aliye katika vyama kadhaa vya mzunguko kwa mpigo. Wenzako watajiona humo kabla hawajageuza ukurasa wa tatu.

Kisha sura inaingia kwenye mbolea, na hapo msisome haraka. Wakulima walijua mbolea inalipa, walisema msimu ujao wataweka, na wengi hawakuweka. Mara nyingi tatizo lilikuwa kalenda kuliko ujinga: pesa ipo wakati wa mavuno, mbolea inatakiwa miezi kadhaa baadaye, na katikati kuna karo, matanga na mgonjwa. Basi watafiti wakawafuata wakulima mara tu baada ya mavuno na kuwauzia vocha: lipa sasa, mbolea utaletewa wakati wa kupanda. Bei ilikuwa ile ile ya dukani, ila kuletewa ni bure. Idadi ya walioweka mbolea ikapanda kwa kiasi kinacholingana na kile ambacho kingepatikana kwa kukata bei nusu wakati wa kupanda. Mkimaliza hapo, ulizeni swali moja tu: pesa za mzunguko wenu humfikia kila mmoja mwezi gani, na gharama yake kubwa huja mwezi gani? Mjadala utajiendesha wenyewe.

Tahadhari moja. Kitabu hicho hicho kinasifu dawa za minyoo kwa watoto wa shule, kutokana na utafiti uliofanywa katika shule 75 za Busia. Mwaka 2015 watafiti wengine walirudia hesabu zile, wakapinga baadhi ya matokeo, na wataalamu wakagawanyika. Kitabu cha 2011 hakiwezi kukwambia hayo. Kwa hiyo kitabu chenye takwimu, tazama kwanza mwaka wake, hasa kama kuna mwanachama anayependa kushinda mabishano kwa namba.

Kwa kuwa mko Kisumu, mtu atataja Not Yet Uhuru, kitabu cha Oginga Odinga kuhusu maisha yake mwenyewe, na watataka kuruka hadi ugomvi na Kenyatta. Wazuie. Sehemu iliyo karibu nao ni ya mwanzo: ualimu wa Maseno, kisha Luo Thrift and Trading Corporation, na kazi ya kuwashawishi watu waweke senti zao katika kampuni wasiyoizoea. Kitabu kilitoka 1967, mwaka mmoja tu baada ya yeye kujiuzulu umakamu wa rais, kidonda kingali kibichi, kwa hiyo sura za mwisho zisomeni kama hoja ya upande mmoja. Ili kuzipima, tafuteni Kenya: A History Since Independence cha Charles Hornsby, cha 2012. Kina kurasa zaidi ya 900, na anayejaribu kukimaliza kwa mfululizo hufia njiani. Nendeni faharasa ya nyuma, tafuteni Odinga, someni habari za 1966 peke yake, mkirudishe rafuni.

One Day I Will Write About This Place, kumbukumbu za maisha za Binyavanga Wainaina za 2011, kinaanzia hapa hapa Nakuru. Nakipenda kuliko vyote hivi, lakini ndicho kinachoachwa zaidi. Kurasa za kwanza ziko ndani ya kichwa cha mtoto, sentensi zinarukaruka, na msomaji hudhani ni Kiingereza chake kilichomshinda. Zisomeni kwa sauti, kurasa mbili tatu, mpate mdundo wake. Ikishindikana, ingieni kwa sehemu ya safari ya familia kwenda Uganda, kwa kina mama yake.

Kuna asiyetaka Kiingereza kabisa? Mpe Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert, kijitabu chembamba kumhusu yule mwimbaji wa Zanzibar aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Na kwa yule anayeendesha kikundi chenu cha WhatsApp, Digital Democracy, Analogue Politics cha Nanjala Nyabola, 2018, juu ya intaneti na siasa za Kenya. Aanzie uchaguzi wa 2017, ambao anaukumbuka.

Ukinunua nakala za mtumba au za kando ya barabara, usitazame jalada. Kurasa huchapwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16 au 32, na fungu zima linaweza kukosekana. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa tangu mwanzo hadi mwisho. Kama maandishi yamefifia upande wa mshono au yamekatwa pembeni, huenda hiyo imetolewa fotokopi. Halafu fungua nyuma kabisa: nakala ya wizi inaweza kukosa faharasa, na Hornsby bila faharasa usimlipie hata shilingi hamsini.

Mama yako