Miguu inawaka moto kwa kisukari: lazima Lyrica?
Pole sana ndugu, na mama mpe pole kwa hayo maumivu ya miguu yanayoletwa na kisukari. Umeuliza kama Lyrica inastahili hela unayotoa kila mwezi au kuna ya bei rahisi. Kwanza, Lyrica ni jina la kibiashara tu, dawa yenyewe ni pregabalini, ya maumivu ya neva, mwambie mfamasia akupe ya jeneriki, kazi ni ileile.

Halafu kuna amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona inayotuliza pia maumivu ya neva, bei chee kabisa na nadhani watu wanaidharau sababu ya hiyo bei. Kule Uingereza waliilinganisha na pregabalini na duloksetini (nayo ni dawa ya sonona) kwa wagonjwa wa kisukari 130 wenye maumivu kama ya mama, matokeo yakatoka 2022, na popote walipoanzia maumivu yalishuka kwa wastani toka 6.6 hadi 3.3 kwenye 10, wale ambao moja haikuwatosha wakaongezewa ya pili juu yake. Sasa kwa nini uanze na ya ghali?

Ila usimnunulie kienyeji. Amitriptilini inaleta usingizi, mdomo kukauka, kizunguzungu akiinuka, na kwa mtu mzima hivyo anaweza kudondoka, tena kama ana shida ya moyo au presha ya macho daktari ajue kwanza. Pregabalini nayo msiikate ghafla, inashushwa taratibu. Na hiyo diklofenaki, dawa ya maumivu uliyosema anameza kila siku, hapo hela inaenda bure, haisaidii sana maumivu ya neva na figo za mwenye kisukari inaweza kuziumiza.